Mchango wa Majirani Umeishia Mfukoni mwa Chuo

Mama Odessa mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba unisamehe mwandiko, maana shule niliiacha nikiwa kijana nikaingia mgodini, mgodi ulipofungwa nikaingia barabarani, na tangu hapo kalamu naishika siku ya kusaini mshahara tu. Kazi yangu ni kufunga majukwaa ya mabomba, yale wanayosimama mafundi, kwenye viwanda vya kusafishia mafuta, leo niko Louisiana, nalala kwenye trela pamoja na mwenzangu wa kazi anayeitwa Hollis, na gazeti hili la chama chetu cha wafanyakazi nalisoma wakati wa chakula cha mchana, naanzia kwako ndipo narudi ukurasa wa mbele. Kwetu ni Kentucky ya mashariki, kwenye bonde ambalo sitalitaja, na majina nimeyabadilisha yote isipokuwa la Hollis, ambaye hana aibu.

Nina binti mmoja, nimwite Kenna. Anamaliza mambo yote kwa kichwa chake, tangu mdogo, na mwalimu wake wa hesabu ndiye aliyemwambia aombe nafasi kwenye chuo kimoja kikubwa cha kaskazini, kile cha watoto wa wenye mabenki, ambacho kikiombwa na watoto mia huchukua watano na kuwaandikia tisini na watano kwamba kinasikitika sana. Kenna akachukuliwa. Mke wangu, Marvella, alinipigia simu nikiwa juu ya jukwaa, nikashuka ngazi mbio nikidhani kuna msiba, nikamkuta analia na nyuma yake mama mkwe anaimba, nikakaa chini kwenye changarawe nimevaa mkanda wangu wa usalama bado, msimamizi akaja kuuliza kama nimeanguka.

Sasa chuo hicho kina kitabu chao kizuri chenye picha, na ndani kimeandika kwamba mtoto wa familia ya kipato kidogo asiogope, watapima familia inaweza kutoa kiasi gani, na kitakachobaki watakijaza wao chote kwa ruzuku, yaani pesa isiyorudishwa. Tukajaza kila walichotaka. Wakatupima, wakasema familia itoe dola elfu tano na mia nne kwa mwaka, na Kenna mwenyewe atafute elfu mbili kwa kazi za likizo na kazi za humo chuoni. Mama, elfu tano na mia nne hatuna. Wao huangalia kipato cha mwaka juzi, na mwaka juzi ndio mwaka ambao viwanda viwili vilizimwa kwa matengenezo kwa mpigo mmoja nikafanya kazi bila Jumapili, nikajiambia Mungu kaniona, naweka akiba ya shule, halafu Marvella akatolewa kifuko cha nyongo na akiba yote ikaondoka na hospitali, lakini kwenye hesabu za chuo mimi bado ni yule bwana wa mwaka juzi mwenye mshahara mnono. Hollis alinicheka mpaka akakohoa. Aliniambia, "Kosa lako ni kufanya kazi, ndugu yangu. Ungelala kibarazani mwaka juzi, binti angesoma bure."

Kwetu mtu akipatwa na jambo hatupitishi kofia ya michango. Tunapika. Ukumbi wetu wa zimamoto, wale wa kujitolea, unafunguliwa, magari yanatolewa nje, kinamama wanaleta maharage na mkate wa mahindi na viazi vya kukaanga na kachumbari ya kabichi, sahani inauzwa, keki zinanadiwa, na blanketi la viraka linachezewa bahati nasibu. Na kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: pesa ya chakula hicho haipiti mkononi mwa mwenye shida. Nyumba ikiungua, pesa inakwenda kwa muuza mbao. Mtu akiugua, inakwenda hospitali. Akifa, inakwenda kwa mzishi. Hivyo hakuna wa kusema kesho kwamba fulani alikula maharage yetu akanunua matairi. Ni sheria nzuri, imemzika baba yangu kwa heshima.

Basi mwezi wa Mei shangazi wa mke wangu, Shangazi Verlie, ambaye ndiye mkuu wa masufuria pale ukumbini, akasema tumezoea kuwapikia wafu na wagonjwa, safari hii tunampikia mtoto anayekwenda shule. Haijawahi kutokea kwetu. Nilipewa ruhusa ya siku mbili nikaenda, na nilivyoona watu waliojaa mle ndani, watu ambao mgodi uliwatema kama ulivyonitema mimi, sikujua pa kuweka mikono. Mzee Orbin alikuja na mtungi wake wa hewa, mapafu yake yamekwisha kwa vumbi la makaa, akanunua keki ya matufaha makavu kwa dola mia mbili, kisha akasema irudishwe mezani inadiwe tena kwa sababu yeye sukari haimpendi. Ikanunuliwa tena na ikarudishwa tena. Keki ile mwishowe hakuna aliyeila, Mama, ilibaki pale mezani imenunuliwa na watu watano.

Zikapatikana elfu nne na mia tatu. Ndugu Estill, mkuu wa zimamoto na shemasi wetu, akaandika hundi kwa jina la chuo kama desturi, akaambatanisha na barua kwa mkono wake kuwaeleza kwamba hii ni kwa ajili ya Kenna wetu. Sisi tukapiga hesabu kwenye meza ya jikoni, tukaona tumebakiwa na elfu moja na mia moja tu, na hiyo nikasema nitaitoa hata kwa kuuza bunduki.

Juni bili ikaja. Fungu la familia limeandikwa elfu tano na mia nne, vilevile kama mwanzo. Nikamwambia Marvella kwenye simu asome tena, akasoma tena. Mchango wa majirani umo, elfu nne na mia tatu, umeandikwa vizuri kabisa. Ila ruzuku ya chuo imepungua kwa elfu nne na mia tatu. Wamepokea yetu kwa mkono mmoja na kutoa yao kwa mkono mwingine, na binti yangu hakupata nafuu hata ya kununua kiatu.

Nikapiga simu chuoni wakati wa mapumziko, nimesimama nyuma ya vyoo ambako kelele ni ndogo. Akapokea binti mmoja mwenye sauti ya upole.

"Bwana, kwanza tunaipongeza sana jamii yenu kwa ukarimu wao."

"Asante. Sasa pesa yao iko wapi?"

"Imeingizwa kwenye akaunti ya mwanafunzi."

"Na ile yenu iliyokuwamo?"

"Imerekebishwa, bwana."

"Imerekebishwa maana yake imetoka."

"Hitaji la mwanafunzi limepungua, kwa hiyo msaada wetu nao..."

"Hitaji halijapungua hata senti, dada. Bili yenu inasema vilevile."

"Ni utaratibu unaotumika kwa wanafunzi wote."

"Wote? Hata yule ambaye baba yake ana ndege?"

"Huyo hapokei msaada, bwana."

"Basi si wote."

Akaniambia tena kuhusu ukarimu wa jamii yetu, na mimi nikamwambia neno kuhusu malezi yake ambalo siwezi kuliandika kwenye gazeti la chama. Akanitakia siku njema.

Mama Odessa, hebu niambie kama mimi ndiye mjinga. Mtoto wa tajiri akipewa na bibi yake elfu nne, hiyo ni zawadi, ananunua anachotaka. Mtoto wangu akipewa na bonde zima, hayo ni marekebisho. Chuo kina hazina ambayo hata wao sidhani kama wanajua mwisho wake, lakini mia mbili za Orbin wameziona, wamezifuata mpaka kwetu. Na wiki iliyofuata ofisi yao nyingine, ya jarida lao, ikamwandikia Kenna ikiomba picha za chakula kile, watu wakiwa kwenye foleni na sahani, ili waiandike kama habari ya kugusa moyo.

Sasa ndipo ninapokwama. Sisi tunaojua ni watatu, mimi, Marvella na Kenna, na Hollis kwa sababu kwenye trela hakuna siri. Kule nyumbani hawajui. Kenna aliulizwa na Shangazi Verlie kama sasa mambo yametimia, akasema bado kidogo, na Shangazi akatangaza kanisani kwamba kama bado kidogo basi tutapika tena, Jumamosi ya mwisho ya Julai. Tangazo limebandikwa. Kinamama wameshagawana maharage ya kuloweka. Na kila sahani watakayouza, chuo kitapunguza sahani.

Nikamwambia Marvella, "Mwambie Shangazi aache."

"Nimwambie nini? Kwamba pesa za Orbin zimekwenda kuwapunguzia matajiri mzigo?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Njoo umwambie wewe. Wewe uko Louisiana unakaza mabomba, mimi ndiye ninayekaa naye benchi moja."

"Kwa hiyo tuwaache wapike bure?"

"Tukisema, hawatapika tena. Si kwa Kenna tu, kwa mtoto yeyote. Kuna yule wa kwa Dossett anamaliza shule mwakani, ana kichwa kama Kenna. Watasema shule ni shimo, bora tuwapikie wafu, wafu hawarekebishwi."

Nikaomba kuongea na Kenna.

"Baba, nimefikiri. Chuo cha wilaya kinanitosha. Kule kaskazini baridi sana."

"Tangu lini unaogopa baridi wewe?"

"Tangu bili ije, Baba."

Alikuwa anacheka, na kicheko hicho nakijua, ni cha mama yake, kinatoka pale ambapo kilio hakijaruhusiwa kutoka. Katikati ya Agosti nusu ya fungu letu iwe imelipwa, la sivyo hasajiliwi, nafasi inapotea.

Hollis anasema nimwambie Ndugu Estill safari hii aandike hundi kwa jina langu, chuo kisijue kitu. Nani atajua, anasema. Marvella anasema tukae kimya, tupokee, tuone Mungu atafanya nini. Mimi nimeombwa kukaa huku kwa kazi nyingine inayoanza wiki ileile ya chakula, nyongeza ya mshahara ipo, na moyo wangu unaniambia nikae huku nifanye kazi nisimwone mtu, ingawa nikifanya hivyo najua mwaka kesho kutwa watanipima kwa mshahara huo huo na kuniita tajiri tena. Na upande mwingine nataka nipande gari mpaka kaskazini nikawaambie ana kwa ana nilichomwambia yule binti. Nimechoka, Mama. Sikulelewa kuomba, na nilipopewa bila kuomba, nimeibiwa kwa adabu. Nifanye nini?

Mfunga Mabomba, Louisiana


Mama Odessa anajibu:

Mfunga Mabomba, barua yako nimeisoma nikiwa na kikombe mkononi, nikakiweka chini ili kisirushwe. Wewe si mjinga. Wamekufanyia jambo la aibu, na aibu haipungui kwa kuitwa utaratibu. Mtu akikuahidi kujaza shimo lako, kisha jirani akaleta toroli la udongo, na yule aliyeahidi akachota toroli zima la udongo wake akaondoka nalo, shimo linabaki palepale. Na bado anataka apigwe picha na toroli la jirani. Kama kuna mtu kwenye chuo hicho anayesoma gazeti la wafanyakazi, na asome hapo mara mbili.

Nimeshasema kilicho chao. Sasa nakuja kwako, na kwako nitakaa zaidi, maana wao hawakuniandikia.

Yule binti uliyemtolea maneno analipwa kupokea maneno. Aliyeandika kanuni hiyo hapokei simu. Hasira yako ilikuwa halali, ila umeitupa mahali ambapo haimgusi mtu, halafu ukarudi kazini ukidhani umepigana. Hukupigana. Umepiga kelele nyuma ya vyoo. Chuo kama hicho hujibiwa kwa karatasi, na karatasi hutumwa kwa mkuu wa ofisi ya misaada kwa cheo chake, na mtoto anabaki na nakala.

Nilimpigia mtu aliyefanya kazi hiyo ya misaada ya vyuo miaka mingi, akanieleza mambo ambayo ninyi hamkuambiwa. Vyuo vingi, pesa ya nje ikiingia, hukubali ianze kupunguza lile fungu ambalo mwanafunzi ametakiwa kulitafuta mwenyewe, zile elfu mbili za Kenna za kazi na likizo, kabla ya kugusa ruzuku. Vingine hufanya hivyo vyenyewe, vingine mpaka viombwe. Kwa nini mpaka viombwe, usiniulize, nitaharibu ukurasa. Ombeni. Jambo la pili, mnaweza kudai mpimwe upya. Pata barua kwa mwajiri wako wa mwaka juzi kwamba viwanda viwili vilizimwa pamoja na kwamba mwaka wa kawaida hupati hivyo, weka na risiti za hospitali ya mkeo. Kila ofisi ya namna hiyo ina mlango wa kupokea mambo kama hayo, ila hawauandiki kwenye kitabu chenye picha. Mlango huo kwako una uzito kuliko ule wa kwanza, maana fungu la familia ndilo linalomfungia Kenna njia, na hilo halishuki kwa maharage, linashuka kwa wao kukiri kwamba wewe si yule bwana wa mwaka juzi. Andika wiki hii. Mwambie mkuu huyo unataka jibu kabla ya siku ya malipo, na kama jibu litachelewa, Kenna asajiliwe na siku ya malipo isogezwe mpaka lije.

Ushauri wa Hollis, mrudishie Hollis. Mkificha, atakayeulizwa si wewe uliyeko Louisiana, ni msichana wa miaka kumi na minane peke yake kwenye ofisi ya watu wenye suti. Usimfungie binti yako siri kwenye sanduku la nguo. Na unamjua Ndugu Estill kuliko mimi. Unadhani ataandika hundi kwa jina lako, sheria ile iliyomzika baba yako ivunjwe kwa sababu chuo fulani hakina haya?

Picha za jarida, zikae nyumbani. Kenna awajibu kwa mistari miwili, kwa adabu, kwamba habari hiyo haijaisha na atawatumia ikiisha. Wataelewa. Wasipoelewa, mkuu wa ofisi ya misaada atawaeleza.

Sasa lile ulilonificha mwenyewe katikati ya barua, na pengine hukujua unalificha. Umeniuliza kuhusu chuo, lakini unachokiogopa ni ukumbi wa zimamoto. Wewe na Marvella mmekaa mnawalinda majirani zenu kama watoto wadogo, wasisikie, wasiumie. Mnawalinda na nini? Hao ni watu waliojenga nyumba zilizoungua na kuzika waliopondwa na mawe. Mtu aliyenunua keki kwa mia mbili na mtungi wa hewa puani hawezi kuuawa na habari mbaya. Kinachoweza kumuumiza ni kuja kusikia, miaka miwili baadaye, kwamba mlijua na mkamwacha anunue nyingine.

Na hii ndiyo hoja ambayo wote watatu mmeipita bila kuiona. Ile hundi hukuiandika wewe. Iliandikwa na ukumbi wa zimamoto. Wewe ukilalamika, chuo kinakuona baba anayetaka zaidi. Aliyetoa akiuliza, mambo ni mengine kabisa. Ndugu Estill ana haki ya kuwaandikia: tulitoa ili kumpunguzia Kenna mzigo, hatukutoa kuwapunguzia ninyi, basi ama mwoneshe mzigo wa Kenna ulipopungua, ama mrudishe hundi yetu. Barua hiyo ikiwa na sahihi ya kila aliyekula maharage, hakuna mkuu wa ofisi atakayeipokea akaitakia siku njema. Hiyo ndiyo barua yenye nguvu kuliko zote, na haiwezi kuandikwa kwa sababu mwenye haki ya kuiandika amefichwa. Na aliyemficha si chuo. Ni ninyi.

Marvella anasema wakijua hawatampikia tena mtoto wa shule. Mama Kenna, nakusikia, na hofu yako si ya kipuuzi. Lakini mtoto wa kwa Dossett hatafaidika na ukimya wenu. Atapikiwa kama Kenna, na ataibiwa kama Kenna, na safari hiyo mtakuwa mmekaa benchi la mbele mkijua. Wakijua leo, watajua kuuliza kabla ya kuandika hundi. Chakula cha pili si lazima kifutwe. Pesa ikae benki kwenye akaunti ya ukumbi, kwa jina la ukumbi, haipiti mkononi mwako wala haiendi chuoni, mpaka chuo kijibu kwa maandishi kitaifanya nini. Jibu likiwa baya, ukumbi utaamua wenyewe. Watu wazima hao.

Kuhusu Kenna. Usimrudishe nyumbani kwa uamuzi wako, na usikubali arudi kwa uongo wa baridi. Chuo cha wilaya si aibu, kimewatoa watu wa maana, lakini mtu aende huko kwa miguu yake, asisukumwe na bili akajifanya anatembea. Mwambie maneno haya haya: tunapigana mpaka siku ya mwisho ya malipo, na baada ya hapo utachagua wewe, hesabu zote zikiwa mezani. Mwambie pia kwamba wewe ndiye utakayesimama mbele za watu. Amebeba ya kutosha kwa kicheko.

Umenisoma vizuri. Wewe. Si Marvella, ambaye umemwachia Shangazi Verlie na benchi lote la kanisa huku ukijificha kwenye kazi. Nimeolewa na mtu wa barabarani miaka ishirini na minane mpaka kifo chake, najua nyongeza ya mshahara inavyoita siku ambayo nyumbani kuna jambo la kusema. Kazi hiyo mpya kataa. Nyingine itakuja, viwanda haviishi kuharibika. Siku kabla ya Jumamosi hiyo uwe barabarani, na usiandike hotuba, waambie kama ulivyoniambia mimi: mlitoa kiasi hiki, wakapunguza kiasi hiki, hii hapa bili. Mpe Ndugu Estill aisome kwa sauti. Watakasirika. Waache wakasirike, wana haki kuliko wewe, maana pesa ilikuwa yao.

Shangazi Verlie bila shaka huanza kugawa saa kumi kamili jioni, au sivyo? Wakuu wa masufuria wote wako hivyo. Wewe simama mbele yao saa tisa, vifuniko vikiwa bado juu ya sufuria, ili kila atakayenunua sahani ainunue akijua.